Nani yuko nyuma ya askari? Jibu kwa binti aliyekulia kambi ya Katindo

Barua hii imetoka kwa binti wa miaka 24 anayesoma hapa Lubumbashi. Alifika kutoka Goma mwaka 2025 pamoja na mama yake. Nimeifupisha kidogo:

"Jambo, Mwalimu. Mimi ni mtoto wa askari, nimekulia kambi ya Katindo, Goma. Baba amepitia brasaji, yaani kuchanganywa kwa majeshi, operesheni za Kimia, Amani Leo na Sukola, na vita vya waasi wa M23, vya kwanza na vya pili. Sasa yuko Kinshasa. Tangu nijue kusoma, kila baada ya miaka michache inakuja operesheni mpya yenye jina zuri, na kila mara wanavijiji wanakimbia. Wengine wanamkimbia adui, wengine wanawakimbia askari wetu wenyewe. Lakini usiku volkano ilipolipuka niliwaona askari wakibeba wazee mgongoni. Jeshi letu ni lipi kati ya hayo mawili? Na kwa nini miaka sitini haijatosha kumaliza vita? Hapa masomoni wananiita mtoto wa soda, yaani wa askari. Sijui nijivune au nione haya."

Binti yangu, jambo sana, na pole kwa safari.

Jeshi ni moja, ni hilohilo. Kinachobadilika ni kilichoko nyuma ya askari. Posho ikifika, mshahara ukifika, majeruhi wakiwa na mahali pa kupelekwa, mke na watoto wakiwa na paa, askari husimama mahali alipowekwa na macho yake hutazama mbele. Vitu hivyo visipokuwepo anageuka nyuma, na nyuma yake kuna raia, kuku wake, shamba lake na binti zake. Nimesoma makaratasi ya jeshi hili kwa zaidi ya miaka thelathini na kila nilipoona operesheni imeharibika nilikuta kwanza ghala tupu. Wewe umelala Katindo, umemwona mama yako akisubiri mwisho wa mwezi usiofika, kwa hiyo unalijua jambo hili kwa mwili wako. Mimi nitakuongezea tarehe tu.

Jeshini kuna msemo ambao bila shaka umewahi kuusikia: "Civil azali bilanga ya militaire." Raia ni shamba la askari. Wengi wanaufanya mzaha. Mimi naona ni maelezo sahihi ya jinsi jeshi lilivyolishwa kwa vizazi. Na tazama, msemo wenyewe ni wa Kilingala. Tangu enzi za Force Publique, jeshi la kikoloni, lugha ya amri ni Kilingala, na mama wa Masisi au wa Fizi, huko Kivu, anayesikia Kilingala nje ya mlango wake usiku haulizi ni nani anayegonga. Kwake hii ni sauti ya mtu aliyetoka mbali, asiye na shangazi wala shemeji kijijini wa kumwonea haya. Tungekuwa na nafasi ningeandika kurasa kumi juu ya jambo hili moja.

Force Publique ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, haikuundwa kumlinda Mkongomani. Iliundwa kumtawala, kumlazimisha kuleta utomvu wa mpira na kumnyamazisha alipokataa. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, ilikuwa na askari wapatao 25,000 na maofisa wa Kizungu wapatao 1,000, na Mkongomani mwenye cheo cha afisa hakuwepo hata mmoja. Siku tano baadaye Jenerali Janssens, mkuu wao, aliandika ubaoni mbele ya askari huko Léopoldville (Kinshasa ya leo) kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Kambi zikaasi. Jeshi likapewa jina jipya, ANC, na wasajini wakawa makoloneli. Desturi ya askari kujitafutia hakuna aliyeigusa.

Miaka minne baadaye lilikuja jaribio kubwa la kwanza. Waasi wa Simba waliingia Uvira Mei 1964, na mwanzoni mwa Agosti wakaichukua Stanleyville (Kisangani ya leo). Mara nyingi askari wa ANC waliacha bunduki kabla ya mapigano kwa sababu waliamini kwamba maji ya Mulele, dawa ya kivita ya waasi, yanawakinga Simba na risasi. Bukavu ilipona mwezi huo wa Agosti kwa sababu Koloneli Mulamba alibaki mjini pamoja na watu wake, akapigana nao mtaa kwa mtaa. Kwingineko Serikali iliwaita mamluki, na tarehe 24 Novemba wanaparashuti wa Ubelgiji wakashuka Stanleyville kwa ndege za Marekani. Viongozi walijifunza somo baya hapo, kwamba jeshi likishindwa mgeni atakuja. Na miaka mitatu haikupita kabla mamluki haohao, wakiongozwa na Jean Schramme, hawajaigeuka Serikali na kuikalia Bukavu kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba 1967.

Sisi watu wa Katanga somo hilo tuliliona kwa macho. Nilikuwa mtoto Kolwezi. Machi 1977 jandarme wa zamani wa Tshombe, aliyeongoza Katanga kujitenga, walivuka kutoka Angola, na wazee wanaviita vita hivyo vita vya siku 80. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, iliokolewa na Wamoroko wapatao 1,500 walioletwa kwa ndege za Ufaransa. Mei 1978 walirudi, safari hii hadi ndani ya Kolwezi, na tarehe 19 tukaona miavuli ya Legioni ya Ufaransa ikishuka. Ninachokumbuka zaidi ya miavuli ni baba akizika redio na cherehani chini ya sakafu ya jiko. Waasi walipoingia hakuzika kitu. Alizika aliposikia kwamba askari wa Serikali wanarudi. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Hawa hawajalipwa."

Rais Mobutu alikuwa na jibu lake. Alikilisha vizuri kikosi cha kumlinda yeye mwenyewe, DSP, na wengine akawaachia "Article 15", yaani jitafutie. Hesabu ya sera hiyo ilifika Septemba 1991, askari walipopora Kinshasa na miji mingine mingi, na ikafika tena Januari 1993 walipolipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa. Fikiria umepewa mshahara ambao muuza unga hautaki, na mkononi una bunduki.

Sasa nikupeleke Goma, kabla hujazaliwa, maana kuna kipindi kimoja ambacho kingetosha kulijibu swali lako peke yake.

Julai 1994, kwa siku chache tu, watu wanaokaribia milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma. Kipindupindu na kuhara damu viliwaua wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza, na mwamba wa volkano ulikuwa mgumu kiasi kwamba makaburi hayakuchimbika. Zikaota kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga. Humo ndani, kati ya akina mama na watoto, walikuwemo wanajeshi wa zamani wa Rwanda na wanamgambo wa Interahamwe waliofanya mauaji ya kimbari, na ndio walioshika ugawaji wa chakula. Umoja wa Mataifa ulitafuta nchi za kutuma kikosi cha ulinzi, haukupata. Basi Februari 1995 shirika la wakimbizi, UNHCR, likiongozwa na Bi Sadako Ogata, lilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika: likachukua askari 1,500 wa Zaire kutoka DSP, likawapa mshahara, sare, magari na redio, na maofisa kutoka nje wakakaa nao kuwasimamia. Watu waliwaita askari wa Ogata.

Ikawaje? Kambini wizi na mauaji ya usiku yalipungua. Wafanyakazi wa misaada waliokuwa wamejiandaa kufunga mizigo waliendelea kugawa chakula. Wauaji hawakutolewa kambini, wala kikosi hicho hakikutumwa kuwatoa, na mwaka 1996 nidhamu ilianza kulegea. Sikwambii walikuwa malaika. Ninachotaka uone ni kilichokuwa kikitendeka wakati huohuo kilomita chache tu juu milimani. Masisi ilikuwa inawaka moto, na mwaka 1996 FAZ, jeshi hilohilo la Zaire, liliendesha huko operesheni mbili, Kimia na Mbata. Wewe unajua Kilingala: kimia ni utulivu, mbata ni kofi. Askari wa Masisi hawakuwa na mlipaji. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika jinsi vikosi vilivyotumwa kutuliza vilivyopora ng'ombe na kuegemea upande mmoja wa wenyeji dhidi ya mwingine. Askari wa taifa moja, mkoa mmoja, kipindi kimoja. Huku kuna anayewalipa na kuwatazama, huku hakuna. Mtu akikuambia Mkongomani hawezi kuwa askari mwema kwa sababu ya damu yake au kabila lake, mpeleke Mugunga ya 1995.

Mwishoni mwa 1996 nchi yenyewe iliporomoka. Vita viwili vya waasi wa AFDL na wa RCD umeshavisoma, sivirudii. Nianzie mahali baba yako alipoingia.

Baada ya mapatano ya 2002 na 2003 waliokuwa wakipigana walitakiwa kuwa jeshi moja, FARDC. Brasaji ilikuwa wazo zuri: chukua askari wa Serikali, waasi wa RCD na wa MLC, na wanamgambo wa Mai-Mai, wachanganye kwa siku 45 za mafunzo Kamina, Mushaki, Nyaleke au Luberizi, kisha watume mbali na walikotoka. Muulize mama yako hali ya vituo hivyo. Watu walilala chini ya maturubai, kipindupindu kikaingia, familia zikafuata nyuma kwa miguu. Halafu ikaja mikisaji ya mwaka 2007 Kivu Kaskazini, ambayo ni jambo jingine kabisa. Askari wa Jenerali muasi Laurent Nkunda, wa kundi la CNDP, waliwekwa kwenye brigedi mchanganyiko zilizobaki palepale mkoani, na mstari wao wa amri haukukatwa. Mwaka huohuo ikavunjika. Mapema 2009 wakaingizwa tena, CNDP na PARECO na makundi mengine, maelfu kwa wiki chache. Safari hii hata Bosco Ntaganda, aliyekuwa tayari anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akapewa cheo cha jenerali. Kila mwenye bunduki msituni aliona na kuelewa: ukiua vya kutosha utaitwa mezani, utatoka na nyota begani.

Na askari hao waliovaa sare wiki iliyopita ndio waliotumwa kwenye Kimia II.

Operesheni Umoja Wetu, ile ya pamoja na Rwanda, ilidumu kama mwezi mmoja, mwishoni mwa Januari na Februari 2009. Kimia II ilianza Machi ikaisha Desemba, ikiwalenga FDLR, waasi wa Kinyarwanda. MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilisaidia kwa chakula, mafuta na usafiri. Oktoba mwaka huo umoja wa mashirika 84 ulitoa hesabu ambayo sijaisahau: kwa kila mpiganaji mmoja wa FDLR aliyenyang'anywa silaha, raia mmoja ameuawa, wanawake na wasichana saba wamebakwa, nyumba sita zimechomwa, na watu 900 wamekimbia makwao. Sehemu ya hayo ilifanywa na FDLR kwa kisasi. Usiku wa kuamkia 10 Mei 2009 waliingia Busurungi, Walikale, wakaua raia wasiopungua 96. Lakini sehemu nyingine ilifanywa na askari wa Serikali. Novemba MONUC ilisimamisha msaada kwa brigedi ya 213 kwa sababu ya mauaji ya raia wasiopungua 62 karibu na Lukweti, Masisi.

Hapa ndipo lilipo jibu la "kwa nini haviishi". Operesheni zote hizi zilijua kufukuza, hazikujua kukaa. Kikosi kinapanda mlimani, adui anaingia msituni, redio inatangaza ushindi. Baada ya wiki tatu posho imekwisha, kikosi kinashuka au kinaanza kula kijijini, na adui anarudi kuuliza nani aliwapokea askari. Mwanakijiji analipa mara mbili. Kijiji kilichokaa na jeshi jema miaka miwili, chenye polisi, hakimu na mwalimu anayelipwa, ni vigumu kwa muasi kukiingia hata awe na mizinga. Msitu uliopigwa mabomu miezi miwili na kuachwa unamrudia.

Utaniambia, "Mwalimu, na Rwanda je? Unaongea posho wakati jirani anatuma majeshi." Swali la haki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika tangu 2012, na wakaandika tena katika vita hivi vya pili, kwamba M23 inasaidiwa na Rwanda, na Kigali imekuwa ikikana. Jeshi lolote likipambana na uasi wenye mgongo nje ya mpaka linapata taabu, na posho peke yake haifungi mpaka. Ila mlango uliooza ndio unaosukumwa kwa bega. Tazama jinsi miezi kumi na mbili tu ilivyobadilisha kila kitu.

Tarehe 20 Novemba 2012 Goma ilianguka. Ulikuwa na miaka kama kumi na moja, unaikumbuka. Askari walirudi nyuma kandokando ya ziwa hadi Minova, bila amri iliyoeleweka, bila chakula. Katika siku kumi hivi, Minova na vijiji vya jirani, walipora na kubaka. Umoja wa Mataifa ulihesabu wanawake na wasichana zaidi ya 100. Kati ya vikosi vilivyotajwa kilikuwemo kimoja kilichofundishwa na Wamarekani Kisangani mwaka 2010. Nalisema hili kwa wale wanaodhani dawa ni mafunzo. Askari hao walifundishwa kulenga shabaha, walifundishwa hata sheria za vita, kisha wakapelekwa mahali ambapo nyuma yao hapakuwa na kitu. Sisemi njaa inaondoa hatia. Mwenye njaa huiba muhogo. Kubaka si njaa, ni uhalifu wa mtu aliyejua kwamba mkuu wake hatamshika. Kesi iliendeshwa Goma na Minova, washitakiwa walikuwa 39, na hukumu ilipotoka Mei 2014 ni wawili tu waliotiwa hatiani kwa ubakaji. Wanawake wa Minova walifunika nyuso zao, wakasema mbele ya mahakama. Wawili. Hadi leo siwezi kuisoma hukumu ile bila kuifunga katikati.

Halafu ukaja 2013. Maofisa wengi waliitwa Kinshasa na wakabakizwa huko. Amri ikakabidhiwa kwa watu wachache, Jenerali Bahuma juu na Koloneli Mamadou Ndala mstari wa mbele. Vikosi vilivyochoka vikabadilishwa. Chakula na risasi vikafika kwa wakati, mishahara pia. Pembeni ikasimama brigedi ya Umoja wa Mataifa ya Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, iliyoruhusiwa na azimio 2098 la Machi 2013 kushambulia. Na Rwanda ilibanwa na wafadhili wake. Mwishoni mwa Oktoba Kibumba ikakombolewa, kisha Rutshuru, Rumangabo na Bunagana, na tarehe 5 Novemba vilima vya Chanzu na Runyonyi. Goma ilifanya nini? Akina mama walibeba maji, ndizi na bukari kuwapelekea askari barabarani, bila kuamriwa na mtu. Raia walewale walioitwa shamba, safari hii walileta mavuno kwa hiari. Ndala aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, Bahuma alifariki Agosti ya mwaka huohuo, na jeshi likarudi taratibu kwenye mazoea. Operesheni iliyofuata Beni ikaitwa Sukola, yaani kuosha. Kuanzia Oktoba 2014 raia wa Beni walichinjwa usiku, wakati mwingine karibu kabisa na kambi za jeshi. Mapema 2015 Umoja wa Mataifa ulitaka majenerali wawili wenye rekodi mbaya waondolewe kwenye Sukola II, operesheni ya kuwapiga FDLR. Serikali ikakataa, ikaendelea peke yake.

Sasa wale wazee waliobebwa mgongoni. Volkano ya Nyiragongo ililipuka 22 Mei 2021, siku 16 tu baada ya état de siège, hali ya dharura, kuwapa wanajeshi utawala wa Kivu Kaskazini na Ituri. Ulichokiona usiku ule nakiamini, maana askari wa Katindo nao walikuwa na mama zao mjini. Tarehe 27 gavana wa kijeshi aliamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke kuelekea Sake, na karibu watu 400,000 wakahama. Amri ilitolewa wazi, ikatiiwa, na kwa sababu mlima ulikuwa bado unatetemeka siwezi kuilaumu. Lakini Sake hapakuwa na maji ya kutosha wala vyoo wala mahema, na wengi walilala makanisani, shuleni na kwa ndugu. Unaona tena jambo lilelile? Mbele kuna amri na ushujaa wa mtu mmoja mmoja, nyuma hakuna lori la maji. Huduma za kibinadamu za jeshi letu zimekuwa hivyo siku zote. Migongo ya askari ipo. Ghala la taifa, hospitali ya kuhamishika na magari yanayoweza kusogeza mji mzima ni vitu ambavyo havikununuliwa.

Kuna sehemu ambako uniformu inalisha watu. Huku kwetu tunazijua habari za mashamba ya mahindi ya Kaniama-Kasese, ya Service National, shirika la Serikali, ambako vijana waliookotwa mitaani Kinshasa wanalima chini ya maofisa. Kuna mengi ya kuuliza juu ya jinsi vijana hao wanavyopelekwa, lakini gunia la unga ni gunia la unga. Wahandisi wa jeshi nao wanafungua barabara pale fedha zinapotoka.

Ya 2025 unayajua kuliko mimi. Goma mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, kambi za wakimbizi za Mugunga na Bulengo zikabaki miti na mawe. Umeandika baba yako yuko Kinshasa. Sikuulizi alifikaje. Ila mamia ya askari na polisi walionyang'anywa silaha walikaa miezi mitatu ndani ya uzio wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliorithi MONUC, na tarehe 30 Aprili Msalaba Mwekundu ukaanza kuwasindikiza hadi Kinshasa pamoja na familia zao. Jeshi lililopaswa kusindikiza misaada likasindikizwa na misaada. Kama baba alikuwa mmoja wao, mpokeeni kama majeruhi, hata kama hana kidonda.

Je, kuna kilichojaribiwa kubadilisha nyuma ya askari? Kipo, na kilizaa matunda. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kuhesabu askari mmoja mmoja, kuwapa kadi, na kutenganisha njia ya fedha na njia ya amri, ili koloneli asipokee gunia la mishahara ya watu wake. Majina mengi yalikutwa hayana watu. Baadaye malipo yakaingia benki. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kupata mshahara mzima. Lakini fedha za posho na za operesheni ziliendelea kupita mikononi, na ule mchezo mnaouita "opération retour", fedha zinashuka mchana na kurudi juu usiku, haukufa. Machi 2025 Rais aliamuru mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Ni jambo jema lililochelewa. Nitalipima kwa swali moja: je, askari aliye kilomita 80 kutoka benki iliyo karibu anaupata, na anaupata akiwa bado kwenye kituo chake?

Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa Serikali, wananitia hofu zaidi. Vijana wengi wameshika silaha kwa uchungu wa kweli, na sheria ya 2023 ya jeshi la akiba imewafungulia mlango wa kuwa nyuma ya FARDC. Lakini hawana mshahara wala ghala, na vizuizi vya barabarani vinavyotoza raia tayari vinajulikana. Tumeanza tena kulima lile shamba.

Unisikilize sasa juu ya hao wanaokuita mtoto wa soda. Mimi nimefundisha watoto wa soda wa Kambi Vangu hapa mjini miaka mingi. Ni wao waliokuwa wakijua bei ya unga kila wiki, maana nyumbani mwao bei hiyo ilikuwa habari ya vita. Aibu ni ya aliyekula posho ya baba yako, na ni ya yule aliyewagusa wanawake wa Minova na yule aliyejua akanyamaza. Baba yako kama hakuwa mmoja wa hao, beba jina lake na kichwa juu. Kama unaogopa kwamba huenda alikuwa, jambo hilo ni lake kulijibu, si lako kulibeba darasani.

Nina ombi. Umesema alipigana vita vya M23 vya kwanza. Makaratasi yangu yana majina ya vilima, idadi ya mizinga na saa za mashambulizi ya Oktoba 2013. Hayaniambii walikula nini asubuhi ya kuingia Kibumba, nani alikipika, na kilifikaje mlimani. Ukimpigia simu Jumapili, muulize hilo kwanza kabla ya mengine, kisha uniandikie alivyosema.